Kurudi kwenye hip hop na ughani ukiwa na mvi: tuliochana enzi za kaseti, tunarudije?

#1 (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Uzi huu ni wa wale tuliokuwa tunachana, yaani kurap, enzi za kaseti, tukaacha, na sasa mkono unawasha tena. Madogo mnakaribishwa, ila mje na hoja. "Mzee kapumzike" tumeshaisikia nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Nilianza kuandika mistari mwishoni mwa miaka ya tisini, kipindi ambacho Inspekta Haroun na Luteni Karama wa Gangwe Mobb walitufanya watu wa huku tutembee vifua mbele. Sikuwahi kuwa staa. Nyimbo zangu zilipigwa redioni saa ambazo mlinzi na mgonjwa ndio walio macho, nikapanda majukwaa ya shule na kumbi za kitaa, basi. Baadaye nikaoa, kazi ya uwakala wa forodha pale bandarini ikanibana, daftari likaingia kabatini. Wasambazaji wa kaseti wa Kariakoo walipoanza kufunga maduka sikushtuka hata, nilishaacha zamani.

Sasa nimepita arobaini na tano na naandika tena. Si kwa kutafuta kutoboa, mshahara upo. Naandika kwa sababu kuna mambo nimeyaona ambayo sina pa kuyasemea. Hayafai kikao cha familia, hayafai kazini, na kijiweni wanataka mpira.

Tujiulize kwanza, katika nchi hii nani amewahi kuzeeka akiwa na maiki ya hip hop mkononi? Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili mwaka 1991, Kwanza Unit wakajikusanya 1993, Sugu akatoa albamu yake ya kwanza 1995 akiitwa 2 Proud. Mfano wa kurithi haupo, maana kizazi hicho ndicho cha kwanza kufika huku kwenye miwani ya kusomea. Na wengi hawakufika kabisa. Complex tulimpoteza 2005. Faza Nelly wa X Plastaz, 2006. Ngwair aliondoka tarehe 28 Mei 2013 kule Afrika Kusini, na kabla watu hawajamaliza kulia Langa naye akamfuata mwezi Juni. Godzilla, 2019. Kwa hiyo mtu akiniambia hip hop ni ya vijana, namjibu kwamba wengi wetu walizikwa wakiwa vijana, ndiyo maana hujazoea kuona mzee.

Waliorudi tunao wachache wa kuwatazama. Sugu alikaa bungeni miaka kumi, 2010 hadi 2020, kisha 2022 akaandaa onyesho kubwa Dar la kusherehekea miaka thelathini ya muziki. Ule ulikuwa usiku wa kumbukumbu, watu walivaa suti wakaimba mistari waliyoikariri wakiwa sekondari. Nzuri sana. Ila kusherehekea ulichokwisha kufanya ni jambo moja, kufanya kipya ni jingine.

Aliyenigusa zaidi ni Professor Jay. Huyu tangu siku za kundi la Hard Blasters alikuwa bingwa wa kuvaa uhusika. Mgombea mwongo, mshamba aliyeingia mjini, kila mmoja akampa sauti yake. Akawa mbunge wa Mikumi 2015 hadi 2020. Mwaka 2022 akalazwa Muhimbili, hali mbaya, hata sisi mashabiki tulikuwa tunaogopa kufungua simu asubuhi. Mwaka 2023 akarudi na wimbo unaoitwa Siku 462, anasimulia ugonjwa wake. Sikilizeni namna anavyotamka. Ile kasi ya mwaka 2000 haipo, na hakuna anayeiulizia, kwa sababu anachosema hakiwezi kuandikwa na mtu wa miaka ishirini hata awe na kipaji cha namna gani.

Hapo ndipo nilipopata hoja yangu. Mtu mzima akirudi asirudi kwenye kiti alichokiacha, kwa sababu kiti kile ni cha ushindani wa pumzi, mavazi na misemo ya kitaa, na wenyewe wapo wanakikalia. Arudi kwenye kiti cha malenga. Kiswahili kilikuwa nacho hicho kiti kabla ya hip hop kuzaliwa Bronx, New York, mwaka 1973. Muyaka wa Mombasa alifariki 1840 akiwa mtu mzima wa makamo na zaidi, na bado alikuwa anajibizana na watu kwa mashairi, siasa ndani yake, vijembe ndani yake. Enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) wazee walikuwa wanatuma mashairi redioni na kulumbana wiki hadi wiki. Hakuna aliyemwambia malenga wa miaka sitini kwamba umri umempita. Ndiyo kwanza walikuwa wanamsikiliza vizuri!

Mrisho Mpoto alituonyesha mlango huo. Pekupeku, sauti ya kughani, kiitikio akampa Banana Zorro, na redio zikapiga wakati kila mtu anaimba mapenzi. Wapo waliosema ile si hip hop. Sawa. Lakini mama yangu, ambaye maisha yake yote aliniambia nipunguze hizo kelele, aliomba aongezewe sauti.

Kuhusu pumzi niseme kidogo, maana ndiyo iliyonipa somo. Biti ya zamani ya mapigo 90 kwa dakika, ukichana mistari 16, unatumia kama sekunde 43. Zamani nilikuwa navuta hewa mara mbili tatu nikamaliza. Sasa mstari wa kumi moyo unapiga kama nimekimbilia mwendokasi. Nilianza kukata maneno, nikaondoa "yaani", "unajua", "mwanangu", majina ya watu wa kitaa, mbwembwe zote zilizokuwa zinajaza mstari. Kilichobaki kilikuwa nusu ya maneno, na kilikuwa kizito mara mbili. Nikajikuta sihitaji hata biti. Nikaghani.

Kuna kingine, lugha. Misimu yetu ya 1999 ukiitumia leo unaonekana umetoka kwenye albamu ya picha. Ukiiga ya leo ndiyo balaa zaidi, mwanao atakuonea haya. Mimi nimechagua Kiswahili cha kawaida cha mtu anayeongea na jirani yake, na nikitaka kupamba nachukua methali au neno la pwani. Halizeeki.

Nataka tujadili. Mliorudi, mmerudije? Mnaosita, mnasitia nini?


#2

Shikamoo mzee. Mimi nina miaka 23, nachana, na nitakuwa mkweli kwa kuwa umesema tuje na hoja.

Shida si umri wenu. Shida mkirudi mnarudi na mashtaka. Verse ya kwanza "muziki umeharibika", ya pili "madogo hamna ujumbe", ya tatu mnataja majina ya watu wa 1998. Sasa mimi nisikilize ili nitukanwe? Singeli imetoka Manzese na Tandale bila studio ya maana, bila msaada wa mtu, biti inakimbia mara mbili ya hiyo 90 yako na zaidi, na watu wazima wengi waliiita kelele. Leo inapigwa matamasha ya Ulaya. Nanyi rap yenu iliitwa kelele, umesema mwenyewe mama alikuwa analalamika.

Halafu mnachana kama mnasoma taarifa ya habari. Ujumbe mzito lakini mtu analala.

Hilo la Professor Jay nakubali. Ule wimbo nilimsikilizisha baba, tukanyamaza wote.


#3 (mleta uzi)

Marahaba dogo. Hilo la mashtaka limenichoma kwa sababu ni kweli, nimesikia kazi nyingi za wakongwe ambazo ni barua ya malalamiko iliyowekwa ngoma. Na siri yake naijua. Mtu akikaa miaka bila kuandika, kitu cha kwanza kinachotoka ni uchungu wa kusahauliwa. Kiache kitoke, ukiandike, halafu usikirekodi. Kinachofuata baada ya hapo ndicho wimbo.

Kuhusu singeli sina ugomvi nayo. Ningekuwa na pumzi hiyo ningeingia.


#4

Nimesoma nikatabasamu, kisha nikakasirika kidogo. Kaka zangu mkirudi mnaitwa magwiji. Sisi je?

Nilikuwa naghani na kuchana Tanga, tukiwa mabinti watatu kwenye kundi. Ulikuwa wakati wa Wagosi wa Kaya, mji mzima unachana, kila mtaa una kundi lake. Kina Zay B na Sister P walikuwa wanatupa moyo kwamba mwanamke anaweza kusimama na maiki bila kuwa wa kuitikia kiitikio tu. Nikaolewa, nikaacha, hakuna aliyeuliza kwa nini, kama vile lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Nilipotaka kurudi, swali la kwanza kutoka kwa kila mtu, wakiwemo wasanii wenzangu wa zamani, lilikuwa "shemeji anasemaje?" Nitajieni mwanamume mmoja aliyerudi akaulizwa mkewe anasemaje. Mwenye ukumbi fulani alinipa nafasi akanitangaza kwa jina la mwanangu, mama fulani. Nina jina langu la jukwaani! Nilichana chini ya jina hilo kabla huyo mtoto hajazaliwa.

Lakini mleta uzi umesema kweli kuhusu kiti cha malenga, na kwetu pwani kiti hicho wanawake walikuwa nacho siku zote. Mwana Kupona aliandika utenzi wake karne ya 19 akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake, na mpaka leo unasomwa. Huyo ni mama mtu mzima anasema na mwanawe kwa mizani. Bibi zetu walitunga za harusini, za unyago, za kujibizana kwa kanga na kwa taarab. Mimi nimeingilia mlango huo. Nilianza kughani kwenye shughuli za kina mama, ubeti mmoja mmoja, wakazoea, kisha nikaongeza yangu ya hip hop, vina vya ndani, kukata mstari katikati, vituo visivyotarajiwa. Siku hizi nikisimama wananyamaza wenyewe. Wengi hawajui kama ile ni rap, na sina haja ya kuwaambia.

Ninaandika kuhusu nini? Kuhusu kumwuguza mama mkwe. Kuhusu vikoba na mwenzio akishindwa kurejesha. Kuhusu mwili baada ya watoto. Hebu dogo wa #2 aandike hayo.


#5

#4 umemaliza kila kitu dada. Nakaa hapa nisome.


#6

Salamu kutoka Nairobi. Nimeona mnazungumza ya Bongo pekee, wacha niongeze ya huku.

Sisi tulilelewa na Kalamashaka. Vijana watatu wa Dandora, Kiswahili na Sheng, mwishoni mwa miaka ya tisini walipotoka na Tafsiri Hii hata wale waliokuwa wanarap kwa Kizungu walinyamaza. Kisha Ukoo Flani Mau Mau, kikosi kizima. Wengine maisha yaliwapiga sana baadaye, hayo yanajulikana. Lakini wale wa kizazi hicho wakisimama leo kwenye jukwaa dogo, bila taa nyingi, watu wa rika zote wanakusanyika.

Spoken word, ushairi wa kusemwa jukwaani, huku ilipata makao yake miaka ya 2000. Palikuwa na Kwani? Open Mic, palikuwa na Slam Africa, jukwaa la WAPI nalo likaleta wachoraji na wachanaji mahali pamoja. Ninachotaka kuwaonya nyinyi mnaotoka kwenye hip hop ni kwamba hadhira ya ushairi ni tofauti. Kwenye rap umezoea kelele, unarusha mstari, watu wanakurudishia, unapata nguvu. Huku unarusha mstari mkali na watu wamekutazama tu kimya. Mara yangu ya kwanza nilidhani nimekataliwa, nikaanza kukimbiza maneno ili nimalize. Kumbe walikuwa wanasikiliza.

Na kuna suala la muda. Slam, yaani mashindano ya mashairi, ilivyoanzishwa na Marc Smith kule Chicago miaka ya themanini, dakika zako ni tatu hivi, ukipitisha unakatwa alama. Rapa mkongwe akipewa maiki anataka kwanza asalimie, ashukuru, aeleze historia yake, awataje marehemu. Dakika mbili zimekwisha! Panda, sema shairi, shuka.

Jambo lingine, huku Kizungu kilitawala majukwaa hayo muda mrefu. Aliyekuja na Kiswahili kilichokomaa alionekana mara moja. Nyinyi huko mna utajiri ambao hamuuoni.


#7

Naomba kupinga, kwa heshima zote.

Mimi ni mtu wa ushairi wa mapokeo. Shairi lina vina na mizani. Ubeti wa tarbia, mistari minne, kila mstari mizani 16, nane kwa nane, jumla 64. Utenzi mizani nane kwa mstari. Haya ni mambo ya kuhesabika, hayana "nahisi". Sasa mtu anasimama, anaongea kwa huzuni, anavuta maneno, anapunga mikono, anasema ni ushairi. Huo ni usemaji. Na #1 unawaita hao malenga? Muyaka hakuwa anaongea, alikuwa anatunga.

Mgogoro huu si mpya. Miaka ya sabini Kezilahabi na wenzake walipoleta mtindo huru watu walirushiana maneno vitabuni na magazetini. Mimi upande wangu ni uleule.

Na watu wa hip hop nao wasijifiche humo. Hip hop ni utamaduni wenye nguzo zake, DJ, MC, wachoraji, wacheza breki. Ukitoa ngoma umebaki na nini?


#8 (mleta uzi)

Mzee wangu #7, karibu sana, uzi ulikuwa unakungoja.

Ukitoa ngoma unabaki na mahali hip hop ilipotoka. The Last Poets walikusanyika Harlem mwaka 1968, ngoma za mkono na maneno, miaka mitano kabla ya ile sherehe ya DJ Kool Herc ya Bronx inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop. Gil Scott-Heron, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, naye alikuwa anaghani juu ya muziki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Huyo nimemsikiliza sana mwaka huu kwa sababu ya habari yenyewe ya kurudi. Alikaa takriban miaka kumi na sita bila albamu mpya ya studio, amepitia dawa za kulevya na jela, akarudi 2010 akiwa na miaka sitini. Sauti imechakaa, imekwaruza, baadhi ya sehemu ni maongezi tu mafupi. Mwaka uliofuata akafariki. Waliotengeneza ile kazi hawakujaribu kuificha sauti yake wala kuipaka rangi, wakaiweka mbele kabisa. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa wakongwe wetu, badala ya kuwawekea auto-tune, ile programu ya kunyoosha sauti.

Kwenye mizani nakuunga mkono nusu. Mchanaji mzuri anahesabu, tofauti yake ni kwamba hesabu yake iko kwenye ngoma. Akiondoa ngoma bila kuweka hesabu nyingine, hapo ndipo unapopata wale wa kuvuta maneno kwa huzuni. Hao hata mimi wananichosha. Kwa hiyo nilirudi shule kwenye mizani zako. Nawasilisha ubeti, unikosoe:

Nilikuwa na pumzi, leo mwenzangu hesabu,
Sikuja kutaka pozi, nimekuja na sababu,
Maneno yana mizizi, hayang'oki kwa ghadhabu,
Nimeulea ujuzi, ukanilea ja babu.


#9

Nimehesabu. Nane kwa nane zimetimia, vina vya kati vimekaa, vya mwisho vimekaa. "Ja babu", yaani kama babu, umeiba kwetu. Endelea.


#10 (yule wa #2)

Kumbe ni nane kwa nane tu? Ngoja:

Tumesikia mzazi, ila tuna la kujibu,
Ukipanda hizo ngazi, ujue kuna adhabu,
Watoto wa siku hizi, hawangoji taratibu,
Wakikuona huwezi, watakukatia, babu.

Nimeandika kwenye daladala, msinihukumu sana.


#11

😂😂 Babu amepigwa.


#12 (yule wa #7)

Dogo ana sikio. Nimeghadhibika na nimefurahi kwa pamoja.


#13

Wakuu mimi ni prodyuza, studio ndogo Kinondoni. Wakongwe wananijia, kwa hiyo niseme ya kiufundi maana hapa mmejaza falsafa.

Watu wa zamani mnapiga kelele kwenye maiki. Mlizoea maiki za ukumbini na studio ambazo chumba kimezibwa kwa trei za mayai. Maiki ya kisasa inasikia hata unavyomeza mate. Sogea umbali wa kiganja hivi, sema kwa sauti ya kuongea na mtu mezani. Sauti ya mtu mzima ina uzito wake chini, ukipiga kelele unaupoteza, inabaki ukali wa juu tu.

Usichague biti kwa kumbukumbu. Njoo, uchane bila ngoma kabisa, mimi nitapima unatembea kwa kasi gani kisha nitatengeneza biti ikufuate. Wengi mnajikuta kwenye 75 au 80, na inakaa vizuri kuliko ile 90 mliyoing'ang'ania.

Kariri. Mtu anayesoma kwenye simu anasikika anasoma, hapo dogo kasema kweli kuhusu taarifa ya habari. Mkisema umri umeondoa kumbukumbu siwaelewi, mbona mnakumbuka mistari ya 1997 neno kwa neno.

Na mambo ya haki. Kuna wanaotaka kurudi kwa kurudia nyimbo zao za kaseti. Angalia kwanza nani anamiliki rekodi ile. Sheria yetu ya hakimiliki, Na. 7 ya 1999, inakulinda mtunzi maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini aliyegharamia rekodi naye ana haki yake kwenye sauti ile iliyorekodiwa. Mistari ni yako, sauti ile ya zamani inaweza isiwe yako. Njia nyepesi ni kurekodi upya. Halafu jisajili BASATA (Baraza la Sanaa) na COSOTA (watu wa hakimiliki), usiseme wewe ni mzee unachana kwa burudani. Siku ikipigwa redioni utataka chako.


#14

Swali kwa #13. Rafiki yangu alisaini karatasi mwaka 2003, ukurasa mmoja, hana nakala, na aliyemsainisha ameshafunga biashara. Hapo inakuwaje?


#15 (yule wa #13)

Hapo mwone mwanasheria, au anzeni na COSOTA wenyewe, nisikudanganye. Wakati mnasubiri, arekodi upya.


#16

Mimi naona mnajipa moyo tu. Andre 3000 wa OutKast, mmoja wa wachanaji wakali waliowahi kutokea, mwaka 2023 alitoa albamu nzima ya filimbi. Alipoulizwa, akasema kwa umri wake anaona haina ukweli kurap, achane kuhusu nini, macho kupungua nguvu na kupimwa utumbo? Kama yeye ameshindwa nyinyi ni nani?


#17 (yule wa #4)

Kuhusu macho kupungua nguvu na kupimwa utumbo, NDIYO. Nani kasema hayo si ya kuandikwa? Mimi nina ubeti kuhusu kupimwa matiti, na siku nilipoughani wanawake waliniuliza wanapimia wapi. Huyo kaka wa Marekani apige filimbi yake kwa amani, ni haki yake.


#18 (mleta uzi)

Na usisahau rapa Nas wa Marekani alichukua Grammy yake ya kwanza mwaka 2021 akiwa na miaka 47. Alikuwa ameteuliwa mara nyingi tangu ujana wake akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mifano ipo ya kila namna, mtu achague.

Ila nakubali sehemu moja ya #16. Si kila mtu lazima arudi. Kuna jamaa zangu walikuwa wakali kunizidi mimi, na leo ni mafundi, wachungaji, mmoja ni diwani, wametosheka. Nikki wa Pili wa kundi la Weusi aliteuliwa mkuu wa wilaya mwaka 2021, sidhani kama analala akiwaza vina. Mwenye deni na daftari ndiye arudi.

Sasa la vitendo. Nimeongea na watu wa ukumbi mmoja mdogo huku kwetu, wametupa Jumamosi moja ya mwezi ujao. Hakuna kiingilio, hakuna mashindano. Kila mtu dakika nne, hakuna hotuba kabla ya shairi, ushauri wa mkuu wa Nairobi nimeuzingatia. #13 ameahidi vifaa. #7 utafungua kwa shairi la mapokeo, usikatae. Dogo wa #2 utakuja na rika lako, mchane vyovyote mtakavyo, hata kwa singeli. Mtakaokuja niandikieni inbox.


#19 (yule wa #4)

Kutoka Tanga kuja Dar nitakuja. Ila mnaanza saa ngapi? Kama ni saa nne usiku kwa mtindo ule wa zamani, mtu unangoja mpaka saa nane hujapanda, sipo. Na mnitangaze kwa jina langu.


#20 (mleta uzi)

Saa kumi na moja jioni kamili, saa mbili tumefunga. Mimi mwenyewe Jumapili asubuhi nina meli. Jina lako la jukwaani nitumie inbox, nitaliandika kwenye bango mwenyewe.


#21 (yule wa #2)

Saa kumi na moja?? Mziki wa saa kumi na moja jioni wazee 😂

Poa, nakuja. Nani analeta spika?